Saa ya Mfukoni

Neno saa katika Kiswahili lina maana mbili ambazo lugha nyingine nyingi zimezitenga. Ni kipimo cha wakati, na ni chombo chenyewe kinachoupima. Mtu akisema ya kuwa saa yake imepotea, msikizi hana budi kungoja neno la pili ndipo ajue kama kilichopotea ni kitu cha mfukoni au sehemu ya siku. Utata huu haukuwasumbua sana watu wa nyanda za kati za Tanzania zamani, kwa sababu waliopita huko na chombo hicho walikuwa wachache, na wenye kujua kukitengeneza hawakuwapo kabisa.

Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walipita Ugogo wakitoka pwani kwenda Ziwa Tanganyika. Walichukua saa za thamani, maana msafiri asiyejua wakati hawezi kujua amefika wapi mashariki au magharibi. Saa zile ziliwaharibikia safarini, na kutoka Bagamoyo hata Ujiji hapakuwa na mkono wa kuzifungua na kuzifunga tena. Wakafunga risasi ya bunduki uzini, wakaining'iniza, wakahesabu mapigo yake. Hila yenyewe ni nyepesi, kwa kuwa uzi wa urefu wa karibu mita 1 huichukua risasi kutoka upande mmoja hata wa pili kwa muda wa sekunde 1. Lakini ni ajabu kuwaza mabwana wawili wenye vyombo bora vya London wakikaa chini ya anga ya bara na kuhesabu mayumbo ya risasi, kwa sababu tu hapakuwa na fundi.

Reli ndiyo iliyoleta saa kwa wingi. Kazi ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910 na Kigoma 1914. Njia ilikuwa moja, na treni mbili zikabilianazo haziwezi kupishana ila stesheni. Kwa hiyo dakika ikawa jambo la uhai. Jua halikuwafaa tena watu wa reli. Kwa mwendo wa jua, adhuhuri ya Dodoma huja kiasi cha dakika 14 baada ya adhuhuri ya Dar es Salaam, na dakika 14 zatosha sana kuua abiria. Ilibidi kila mwenye dhamana ya treni awe na saa, na kila mwenye saa awe na mtu wa kumpelekea ikiharibika. Ndivyo Dodoma, mji uliozaliwa na reli, ulivyopata mafundi wa saa katika maduka ya Uhindini.

Katika nyumba moja ya Manyoni, magharibi ya Dodoma kwenye reli hiyo hiyo, ilikuwako saa ya mfukoni iliyoshuka kwa vizazi vitatu. Mwili wake ni wa fedha, na ndani ya kifuniko zimegongwa taji, mwezi mwandamo na tarakimu 0.800. Hizo ni alama za sheria ya Ujerumani iliyoanza kutumika mwaka 1888, nazo maana yake ni kwamba katika sehemu 1,000 za madini hayo, 800 ni fedha safi. Wenyewe husimulia ya kuwa babu yao, aliyekuwa kibarua wa reli, alizawadiwa saa hiyo na msimamizi wake Mjerumani mwezi wa Julai 1916, majeshi ya Waingereza na Afrika Kusini yalipokuwa yakiikaribia Dodoma. Labda ndivyo. Katika mwezi ule vitu vingi vilibadili wenyewe pasipo kuandikiwa hati ya zawadi.

Babu alimwachia mwanawe, aliyekuwa gadi wa treni tangu mwaka 1945 hata alipostaafu 1980. Baba huyu alikuwa mtu wa kanuni. Saa aliijaza kila usiku saa tatu kamili, wala hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Usiku mmoja wa mwaka 1979 alilala na homa, saa ikawa mezani. Kitinda mimba wake, mtoto wa miaka 11, aliona saa tatu imefika na baba hajaamka. Akaichukua, akaizungusha kichwa kama alivyomwona baba akifanya siku zote, mpaka kichwa kikagoma kuzunguka. Alfajiri saa ilikuwa imesimama, nayo imejaa pomoni.

Mtoto alichapwa. Hilo lilikuwa jambo la siku moja, na watoto wengi wa zama zile walichapwa kwa makosa madogo zaidi. Lakini hukumu iliyotolewa asubuhi ile, ya kwamba ameikaza mno, haikwisha. Akaitwa Mkaza Saa. Jina lilimfuata shuleni, likamfuata arusini kwake, ambako mjomba mmoja alilisimulia mbele ya wakwe naye akidhani anafurahisha watu. Baba alipofariki mwaka 1994 na vitu vya marehemu vikagawanywa, mtu aliuliza mdogo apewe nini, na mwingine akajibu kwa niaba yake kwamba apewe kila kitu ila kile kinachojazwa. Wote wakacheka. Yeye naye alicheka, kisha akarudi Mpwapwa alikohamia kufuga ng'ombe, na Manyoni hakukanyaga tena ila kwa misiba.

Saa ilichukuliwa na kaka yake mkubwa, mwalimu wa shule ambaye baada ya kustaafu alijenga Dodoma. Mwaka 2025 ilikuja habari ya kuwa binti wa ndugu yule wa Mpwapwa anaolewa. Mwalimu alifikiri juu ya zawadi, akaona ya kuwa wakati umefika wa kuitengeneza saa na kuipeleka Mpwapwa ikitembea. Nia yake ilikuwa njema wala haina kificho. Alikusudia kusamehe.

Alianzia karibu na Jamatini, kwa kijana mwenye sanduku la kioo kando ya njia. Mafundi wa namna hii wapo katika kila mji wa Afrika Mashariki. Hubadili betri, hukata mikanda, hubandika vioo, na kwa kazi hizo huilisha jamaa yao. Kijana aliigeuza saa mara mbili, akairudisha kwa mikono miwili.

"Mzee wangu, hii inajazwa kwa mkono? Sijawahi kuifungua ya namna hii. Nisije nikaiua."

Yafaa kumsifu kijana yule. Fundi ajuaye mpaka wa elimu yake ni fundi nusu tayari, na wa pili, aliyekuwa karibu na Soko la Majengo, hakuujua mpaka wake. Huyo alisema kazi ni ndogo: atatoa uchafu wote wa ndani, yaani magurudumu, kamani na yakuti zake, na kutia mtambo mpya wa betri. Saa itatembea jioni hiyo hiyo, na haitachelewa hata dakika moja kwa mwezi.

Mwalimu hakumjibu, akaenda nyumbani kuwaza. Maneno ya fundi huyu hayakuwa ya uongo. Tangu kampuni ya Seiko ya Japani ilipouza saa ya kwanza ya mkononi ya namna hiyo tarehe 25 Desemba 1969, kijiwe kidogo kinachotetemeshwa na umeme kimeshinda ustadi wa karne nyingi. Katika saa za leo kijiwe hicho hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Gurudumu la mizani la saa ya zamani hupiga mara 5 tu. Ushindi huo ulifunga viwanda vingi vya Uswisi katika miaka ya 1970, na ukafunga maduka ya mafundi hata katika miji ambayo haikuwahi kuiona Uswisi. Swali la Mwalimu lilikuwa jingine. Ikiwa kitu cha ndani kitatolewa na ganda litabaki, je, kitakachokwenda Mpwapwa ni saa ya baba au ni jeneza lake lililotiwa mgeni? Tena alihisi, pasipo kuweza kusema kwa nini, ya kuwa saa iliyomtia ndugu yake hatiani ndiyo hiyo hiyo inayopasa kusikika.

Sonara alikuwa wa tatu, naye aliiweka mizanini kabla ya kuulizwa.

Akaenda Dar es Salaam kwa treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Safari ambayo baba yake aliifanya usiku kucha, akishuka kila stesheni na taa mkononi, ilimchukua chini ya saa nne. Duka alilolielekezwa lilikuwa la heshima, lenye ubaridi na saa nyingi za bei kubwa. Walimwambia saa yake yaweza kupelekwa Ulaya, itakaa huko miezi sita au zaidi, na gharama yake itaipita thamani yake mara kadha. Mwalimu alihesabu siku za arusi, akahesabu na pensheni, akapanda treni ya jioni.

Fundi alipatikana mahali ambapo hakuna aliyemtafuta. Mwalimu alikwenda hospitali ya Mvumi, kusini ya Dodoma, kupimwa macho. Huko watu hutoka mbali kwa ajili ya matibabu hayo. Katika benchi la kungojea alikaa karibu na mzee aliyefungwa bandeji jicho la kulia, ambaye siku iliyopita alikuwa ameondolewa mtoto wa jicho. Wakaamkiana kwa Kigogo, wakaulizana hali ya mvua na mtama. Mzee akasema anamshukuru Mungu kwa kuwa jicho lililotengenezwa ndilo jicho la kazi.

"Kazi gani, mzee?"

"Nalima zabibu Hombolo. Lakini jicho hili lilikuwa la saa."

Alikuwa na umri wa miaka 82. Mwaka 1958, akiwa kijana wa miaka 15, aliajiriwa kufagia duka la fundi mmoja Mhindi pale Uhindini. Mwaka mzima alifagia tu, na kila jioni alitakiwa kuchekecha takataka zake kwa chujio kabla ya kuzitupa, ili asitupe parafujo. Mwaka wa pili akapewa saa za ukutani, na wa nne za mfukoni. Baada ya mwaka 1971, nyumba za kupangisha zilipotaifishwa, tajiri yake aliondoka kama Wahindi wengi wa miji ile walivyoondoka, akamwachia vyombo. Akaendelea peke yake. Saa za betri zilipojaa sokoni wateja walipungua mmoja mmoja, hata mwaka 1996 akafunga, akatia vyombo katika mkebe wa biskuti, akapanda mizabibu. Yasemwa ya kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Huenda, lakini katika ufundi huu kuondoka kwa mteja ni mwisho usio na kelele.

Baada ya wiki tano, jicho lilipopona, Mwalimu alikwenda Hombolo. Mzee alifungua kifuniko kwa kisu kidogo, akabana kioo cha kukuza jichoni, akatazama kwa muda mrefu. Mikono yake ilitetemeka. Akaweka kila kitu chini, akasema aitwe mjukuu wake.

Mjukuu alikuwa fundi wa simu mjini Dodoma. Alikuja na pikipiki siku ya Jumapili, amebeba hadubini, vibanio vya chuma visivyovuta kwa sumaku, na bisibisi nyembamba kuliko sindano ya kushonea. Kijana huyu huunganisha nyaya ambazo jicho tupu halizioni, lakini hakuwahi kuona kamani. Kazi ikafanywa hivi: macho na mikono ya kijana, maarifa ya babu. Babu alikaa nyuma na kutaja kila parafujo kabla haijaguswa. Kijana aliitoa na kuiweka katika sahani kwa mpangilio. Kabla ya yote babu aliamuru kamani ilegezwe nguvu zake polepole, kwa kuwa saa iliyojaa ikifunguliwa ghafla humwaga meno yake yenyewe.

"Nani aliijaza mara ya mwisho?" aliuliza.

"Ndugu yangu, alipokuwa mtoto. Aliikaza mno."

"Saa haikazwi mno, Mwalimu. Ikijaa imejaa, na mkono wa mtoto hauna la kuongeza. Mwenye kushindana nayo ataikata kamani, au ataling'oa jino linaloizuia isirudi nyuma. Basi nionyeshe kilichokatika."

Kijana aliitoa kamani katika kikombe chake. Ilijikunjua mezani, utepe wa chuma wa buluu, nzima kutoka ncha hata ncha. Jino la kuzuia lilikuwa zima. Magurudumu yote yalikuwa mazima. Lakini kila kitu kilikuwa kimefunikwa na utando wa rangi ya kahawa, mzito kama gundi, na ndani ya utando huo mlikuwa na vumbi jekundu la nchi ile, ambalo wakati wa kiangazi hupenya hata katika sanduku lililofungwa.

Hapo mzee alieleza jambo ambalo lastahili kuelezwa vizuri. Fundi wa saa hutia mafuta kwa ncha ya sindano, tone lisiloonekana, mahali ambapo mhimili wa gurudumu huingia katika kijiwe chake. Meno ya magurudumu huyaacha makavu. Katika saa hii mafuta yalikuwa kila mahali, hata juu ya meno, hata juu ya ile kamani nyembamba kama unywele inayorudisha gurudumu la mizani. Hayakutiwa na fundi. Yalimiminwa na mtu aliyefungua mgongo wa saa nyumbani, tena si mara moja. Mafuta mepesi ya cherehani huilainisha saa kwa miezi, nayo hutembea kwa furaha. Kisha hukauka, hushika vumbi, mwenyewe humimina tena. Gurudumu linalopaswa kupiga mara 18,000 kwa saa moja huzidi kubanwa mwaka hata mwaka, mpaka siku moja nguvu zote za kamani iliyojaa haziwezi kulisukuma. Siku hiyo saa husimama nayo imejaa, na kila mtu humtazama aliyeijaza mwisho.

Mwalimu alisema mama yake alikuwa na cherehani. Akanyamaza, kisha akasema kwamba kikopo cha mafuta chenye mdomo mrefu kilikuwa hakikai kwenye cherehani siku za Jumapili. Kilikaa juu ya meza ya baba.

Ushahidi ulikuwa mwingine bado. Mafundi wa saa wana desturi ya kukwaruza alama ndogo ndani ya kifuniko kila wanapoisafisha saa. Chini ya hadubini zilionekana mbili. Ya kwanza ilikuwa 6/38. Ya pili ilikuwa 3/51, na pembeni yake pembetatu ndogo. Mzee aliisogelea hadubini mwenyewe, akaomba kimya. Pembetatu ile ilikuwa ya tajiri wake. Alimwona akiikwaruza katika mamia ya saa, na hii ilikwaruzwa miaka saba kabla yeye hajashika ufagio. Baada ya 1951 hapakuwa na alama yoyote. Saa ya namna hii hutakiwa kusafishwa kila baada ya miaka michache. Gadi mwenye kanuni, asiyechelewesha treni, alikaa miaka 28 bila kuipeleka kwa fundi aliyekuwa hatua chache kutoka stesheni ya Dodoma. Huenda aliona haya ya gharama, huenda alijiamini. Mtu aijuaye ratiba si lazima aijue saa.

Kazi ilichukua Jumapili tatu. Vipande vilioshwa kwa benzini, vitundu vikasuguliwa kwa kijiti kilichochongwa, mafuta halisi yakaagizwa Dar es Salaam. Hakuna kipande kilichobadilishwa. Jioni ya Jumapili ya tatu kijana aliliweka gurudumu la mizani mahali pake, nalo likaanza kwenda kabla hajaondoa kibanio. Babu yake alimwambia akwaruze alama yake. Akauliza akwaruze nini; akaambiwa chochote, mradi mwezi na mwaka viwepo.

Saa ilichelewa dakika 4 kwa siku. Mzee alikataa kuigusa zaidi. Alisema joto la mchana hulegeza ile kamani nyembamba, na baridi ya Juni itarudisha baadhi ya dakika hizo.

Mwalimu alifika Mpwapwa usiku wa kuamkia arusi. Njiani alikuwa ametunga maneno, lakini yalikuwa maneno ya mtu anayesamehe, na sasa hayakumfaa. Alipopata nafasi ya kukaa na ndugu yake peke yao nyuma ya nyumba, alieleza kama alivyozoea kufundisha, kwa utaratibu: kamani nzima, meno mazima, mafuta ya cherehani, alama ya 1951. Mdogo wake alisikiliza pasipo kumkatiza. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Kaka, baba alijua?"

Mwalimu alisema kwamba fundi mwingine alikuwako Dodoma mwaka ule, na baba hakumpelekea. Aliifungia sandukuni. Mdogo wake akatikisa kichwa taratibu. Kisha Mwalimu akamwambia, kwa sauti ndogo, ya kuwa jina lile halitatajwa kesho, kwa kuwa amekwisha kuzungumza na mjomba.

Ilikuwa saa tatu usiku. Ndugu mdogo aliipokea saa, akakishika kichwa chake kwa vidole viwili, akazungusha mara saba, akaacha.

"Bado haijajaa," alisema Mwalimu. "Endelea, haina neno."

"Inatosha."

Saa iliyojazwa nusu hutembea nusu. Ilisimama siku ya pili alasiri, bibi arusi amekwisha kuondoka na watu wanagawiwa pilau ya mwisho. Baba wa bibi arusi aliitoa mfukoni mwa koti, akaitega sikioni, akaitia tena mizunguko saba.